Tarakimu Sita Nilizotuma Ijumaa Jioni

Ilikuwa Ijumaa, muda mfupi baada ya magharibi, nami nilikuwa nimekaa sakafuni nikifunga mzigo wa doti kumi na mbili za vitenge uliotakiwa kuondoka na basi la alfajiri kwenda Mwanza. Ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mteja wangu wa miaka mitatu, mwalimu wa Morogoro, mtu ambaye hajawahi kunicheleweshea malipo hata siku moja. Aliandika hivi: "Dada samahani, kuna namba nimeielekeza kwako kwa bahati mbaya, naomba nirudishie haraka naihitaji." Kweli, sekunde chache kabla ya hapo ulikuwa umeingia ujumbe mfupi wa kawaida wenye tarakimu sita. Mkono mmoja nilikuwa nimeshika selotepu na mwingine mkasi. Sikuusoma ujumbe ule hadi mwisho. Ningeusoma, ningeyaona maneno yanayokataza namba ile kupewa mtu yeyote. Nilizinakili tarakimu zile, nikazituma, nikaendelea na mzigo wangu.

Haikupita dakika moja, simu ikaniarifu kwamba namba yangu imesajiliwa kwenye simu nyingine.

Yule aliyekuwa akiniandikia hakuwa mwalimu. Mwalimu alikuwa amenyang'anywa akaunti yake mchana wa siku hiyohiyo, kwa ujumbe uleule, kutoka kwa mtu mwingine aliyemwamini. WhatsApp humtambua mtu kwa namba yake ya simu: yeyote anayeweka programu hiyo kwenye simu yake na kuandika namba yangu husababisha tarakimu sita zitumwe kwenye laini yangu, na atakayeziingiza kwanza ndiye huhesabiwa kuwa mimi. Mwizi aliandika namba yangu, akasubiri, kisha akaniomba ufunguo kwa sauti ya mtu ninayemheshimu.

Nimeona watu wengi wakidhani kwamba akaunti ikichukuliwa, mwizi huyaona mazungumzo yote ya miaka iliyopita. Sivyo, kwa sababu mazungumzo hukaa kwenye simu ya mwenyewe au kwenye nakala aliyoihifadhi. Alichokipata ni makundi. Nilikuwa na kundi la wateja lenye watu zaidi ya mia mbili, nililolijenga kwa mikono yangu tangu nilipoanza kununua vitenge na khanga Barabara ya Uhuru pale Kariakoo na kuwauzia watu wa mikoani kwa simu. Ndani ya kundi lile kila namba ya mteja ilikuwa wazi. Jambo la kwanza alilolifanya, kabla hata ya kuandika neno, lilikuwa kubadili mpangilio wa kundi ili wasimamizi peke yao ndio waweze kutuma ujumbe. Msimamizi nilikuwa mimi tu, yaani yeye. Mdogo wangu, aliyekuwa mwanachama wa kawaida, aliuona ujumbe wa uongo ukiingia na hakuwa na namna ya kuwaonya wenzake humo kundini.

Ujumbe wenyewe uliandikwa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ulisema mzigo mpya umeshuka, doti chache, bei ya kuwahi, na kwamba kwa sababu ya tatizo la mtandao malipo ya usiku huo yafanyike kwenye namba ya "mhasibu wetu". Alikuwa amezichukua picha kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, picha nilizopiga mwenyewe kwenye baraza la nyumbani, huku kona ya mkeka wangu ikionekana. Mteja aliyeuona mkeka ule alijua kwamba huyu ni yeye kweli.

Nilijaribu kuirudisha akaunti mara moja. Njia ni kuandika tena namba yako na kuomba tarakimu mpya, kwa kuwa ukiziingiza wewe, mwizi hutolewa. Lakini alikuwa amekwisha kuziomba mara nyingi mfululizo kwa makusudi, hivyo nikazuiwa kwa saa kadhaa, na saa hizo ndizo alizozihitaji. Nilipofanikiwa hatimaye kuziingiza, usiku wa manane, nilimtoa, nikakuta ameweka namba ya siri ya hatua ya pili. Kwa utaratibu wa WhatsApp, asiyeijua namba hiyo husubiri siku saba ndipo aweze kuingia bila ya kuulizwa. Siku saba nilikaa nje ya biashara yangu.

Kilichookoa kilichobaki ni kaunta buku. Tangu nianze biashara, kila mzigo ninaoupeleka stendi naandika jina la mteja, namba yake, basi, tarehe na kiasi, kwa kalamu, kwa sababu shangazi yangu aliyenifundisha kuuza nguo hakukubali hesabu isiyoandikwa. Kuanzia saa tatu usiku mimi na mdogo wangu tuligawana kurasa, yeye akitumia simu yake nami nikitumia simu ya jirani, tukawapigia wateja mmoja baada ya mwingine. Wengine walishukuru. Wengine walikata simu, wakidhani kwamba sisi ndio matapeli. Mama mmoja wa Tabora, aliyekuwa akikusanya sare za harusi ya binti yake, alinisikiliza kimya kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimeshatuma tangu saa moja." Alikuwa ametuma shilingi 180,000. Hadi asubuhi tulikuwa tumewahesabu watu tisa.

Ninapolisimulia jambo hili, watu hunipa pole kwa kuibiwa. Napokea pole zao, lakini walioibiwa ni wale tisa. Jina langu lilikuwa chambo tu. Nimelifikiria sana tofauti hii, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Mwenye duka la kawaida akivunjiwa hupoteza bidhaa zake. Anayeuza mtandaoni ana kitu kingine mkononi mwake kisichokuwa mali yake: namba za watu, majina yao, mahali wanapoishi, desturi yao ya kulipa kabla ya kuuona mzigo, na ule wepesi wao wa kuamini pindi wanapoliona jina lake kwenye kioo. Hiyo ni amana. Anayekaa na amana ya watu hana haki ya kuichezea kwa kisingizio kwamba biashara yake ni ndogo.

Sheria nayo inalitazama jambo hili hivyo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayofanya kosa la jinai udanganyifu wa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mifumo hiyo. Ina pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 3, 2024. Sheria hii ya pili humwekea wajibu mtu anayekusanya taarifa za wengine, na niliposoma kuihusu niliona aibu, maana kundi langu lilikuwa likimwonyesha kila mteja namba za wenzake zaidi ya mia mbili bila ya mtu kuulizwa kama anaridhia. Nililivunja kundi lile. Sasa natumia orodha ya matangazo, ambamo ujumbe mmoja humfikia kila mteja peke yake na hakuna anayeiona namba ya mwenzake. Orodha hiyo ina ugumu wake, kwani huwafikia tu wale walioihifadhi namba yangu kwenye simu zao, kwa hiyo kila mteja mpya namwomba aihifadhi. Naona ni gharama ndogo.

Baada ya tukio lile nilihudhuria semina ya wafanyabiashara wadogo kuhusu usalama wa mtandaoni. Mtoa mada alikuwa mtu mwenye elimu, naye alitumia sehemu kubwa ya muda wake kueleza mashambulizi makubwa, likiwemo lile la Julai 2023 nchini Kenya, ambapo kundi lililojiita Anonymous Sudan liliuelemea mfumo wa eCitizen wenye huduma zaidi ya 5,000 za serikali hadi wananchi wakashindwa kuzipata. Ni jambo zito na linafaa kujulikana. Hata hivyo, shambulio la namna ile ni mafuriko ya maombi ya uongo yanayoelekezwa kwenye mitambo mikubwa, na muuza vitenge hawezi kuyazuia wala si yeye anayelengwa. Anayelengwa kwa mafuriko ana wahandisi. Sisi tunalengwa kwa ujumbe wa heshima unaoomba msaada mdogo wakati mikono yetu ina kazi, na kwenye semina ile ujumbe wa namna hiyo ulipewa dakika tano za mwisho.

Kwa hiyo nataka nikae hapa zaidi. Katika WhatsApp, ukiingia kwenye mipangilio, kisha akaunti, utakuta uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo unaweka namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe, pamoja na barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Ningekuwa nimeiweka kabla ya Ijumaa ile, mwizi angezipata zile tarakimu zilizotumwa na bado angekwama mlangoni. Kazi hii haifiki dakika mbili. Ukiwa humohumo, tazama sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kwa sababu wengi wetu tumewahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari ili kuchapisha risiti au orodha ya bei, tukaondoka bila ya kuifunga. Kompyuta ile huendelea kusoma kila tunachoandikiwa. Mimi nilikuta kifaa kimoja nisichokikumbuka.

Kuna ujanja mwingine ambao wauzaji wanaotumia bodaboda wanapaswa kuujua. Mtu hupiga simu akijitambulisha kuwa dereva mwenye mzigo wako, anasema hakupati vizuri hewani, anakuomba ubonyeze nyota, ishirini na moja, nyota, kisha namba anayokutajia, na kumalizia na alama ya reli. Ukifanya hivyo umeagiza simu zako zote zielekezwe kwake. Baada ya hapo huomba tarakimu za kuingilia zisomwe kwa njia ya simu badala ya ujumbe, na simu hiyo hulia kwake. Ukihisi kwamba umeingizwa katika mtego huo, ##002# hufuta maelekezo ya namna hiyo kwenye laini.

Laini yenyewe ndiyo msingi wa yote, na ndiyo tunayoisahau kuliko vyote. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma wako ukaikatae. Ujumbe wa kitapeli, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaomfikia kila mtu, upeleke kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa kazi hiyo, pamoja na namba iliyoutuma. Najua wapo wanaoona ni kupoteza muda. Mimi sioni hivyo tena, kwa sababu ile namba ya "mhasibu" iliyopokea fedha za wateja wangu ilikuwa laini kama laini nyingine yoyote, na huenda kuna mtu aliyewahi kutapeliwa nayo kabla yetu, akakasirika, akafuta ujumbe na kunyamaza.

Juu ya laini kuna barua pepe. Ukurasa wa picha, tovuti, akaunti ya matangazo ya kulipia, vyote hurudishwa kwa barua pepe, kwa hiyo aliye na barua pepe yako anaweza kubadili maneno ya siri ya vyote wakati umelala. Nilikuwa nikitumia neno moja la siri kila mahali, jina la mwanangu na mwaka wake wa kuzaliwa, na nililitumia hata kwenye tovuti moja ya kununulia vifungashio ambayo sijaifungua kwa miaka. Tovuti ndogo ikivuja, wezi huchukua barua pepe na neno la siri lililovuja, wakalijaribu kwenye Gmail, Facebook na Instagram kwa mashine, maelfu kwa saa. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Mwaustralia Troy Hunt, humruhusu mtu kuangalia bila ya malipo kama barua pepe yake imo katika uvujaji unaojulikana. Yangu ilikuwamo. Barua pepe ya biashara sasa ina neno la siri lake peke yake, sentensi ndefu ya Kiswahili ambayo hakuna anayenijua atakayeikisia, na hatua yake ya pili naipata kwenye programu ya uthibitisho iliyomo ndani ya simu badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu ujumbe mfupi hufuata laini, na mtu asiyekuwa wewe anaweza kwenda dukani akapewa laini mpya ya namba yako kwa jina lako. Zile namba za akiba zinazotolewa kwa ajili ya siku ya kupotelewa na simu nimeziandika kwenye karatasi iliyo pamoja na hati ya kiwanja.

Malipo ya kughushi ni balaa jingine, na hapa anayeumia ni muuzaji. Mteja anachagua, anakubali bei bila ya kupunguza hata shilingi mia, anasema dereva wake yuko njiani, kisha unaingia ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kupokea fedha. Mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi, lakini usitegemee hilo peke yake, maana jina la mtumaji nalo linaweza kuigizwa. Salio jipya linaloandikwa humo halilingani na lako, kwa sababu mwizi halijui, ila ni nani hupiga hesabu ya salio wakati dereva anapiga honi nje? Sheria niliyojiwekea ni kwamba ujumbe si fedha. Nafungua mwenyewe menyu ya huduma, kwa M-Pesa ni *150*00#, naangalia salio, ndipo mzigo unatoka. Madereva wawili wameondoka wakinung'unika kwa kusubiri. Wa pili hakurudi, wala aliyemtuma hakupiga tena.

Kwa upande wa mteja nimefanya jambo moja ambalo ningetamani kila muuzaji alifanye. Nina namba moja tu ya kupokelea malipo, imesajiliwa kwa jina la biashara, imechapishwa kwenye karatasi inayokuwa ndani ya kila mzigo, nayo haibadiliki kwa ujumbe wa WhatsApp hata siku moja. Nimewaeleza wateja wangu wote kwamba ikitokea nikabadili, nitawapigia, na watanisikia sauti yangu. Mfumo wa malipo humwonyesha mlipaji jina la mpokeaji kabla hajaweka namba yake ya siri. Ninawaomba wasimame hapo, wasome, na wasipoliona jina la biashara wafute.

Wasaidizi nao huhitaji kufikiriwa kwa heshima na bila ya kumdhania mtu vibaya. Kwa miaka miwili kijana aliyekuwa akinisaidia kuweka picha alikuwa na neno la siri la ukurasa. Aliondoka kwa amani, na sikuwahi kulibadilisha. Hakufanya kosa lolote. Hata hivyo simu yake ikipotea kwenye daladala, ukurasa wangu umo ndani yake. Siku hizi msaidizi anapata ruhusa yake mwenyewe inayoweza kuondolewa, na ninaiondoa siku anayomaliza kazi, kama vile mtu anavyorudisha funguo za fremu.

Tovuti nitaipitia haraka, kwa kuwa wengi wetu hatuna. Mwenye nayo ahakikishe kwamba programu zake zinasasishwa na asipokee kiolezo, yaani muundo wa tovuti uliokwisha kutengenezwa, kinachogawiwa bure baada ya kuondolewa kinga ya leseni kwa ujanja, maana aliyekivunja huacha mlango wake humo. Hali ni hiyohiyo kwa Windows za kuchakachua tunazowekewa madukani. Mei 12, 2017, programu haribifu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya tundu lile tangu Machi ya mwaka huo; waliofungiwa ni wale ambao kompyuta zao hazikuyapokea. Orodha yangu ya wateja sasa ipo kwenye simu, kwenye diski ndogo inayokaa kwa mdogo wangu, na kwenye kaunta buku. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa takriban saa sita dunia nzima, kwa hitilafu yao wenyewe na bila ya kushambuliwa, nilikaa nikitazama simu kana kwamba sina njia nyingine ya kumpata mteja, na buku lilikuwa kwenye droo.

Nilikwenda polisi siku iliyofuata, nikatoa maelezo, nikapewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa iliyofunguliwa polisi. Ningemshauri kila mtu afanye hivyo na aende na ushahidi: picha za kioo zinazoonyesha namba iliyopokea fedha, saa, na ujumbe wa muamala. Mteja anayegundua mapema apige simu kwa mtoa huduma ya fedha papo hapo, kwa kuwa kinachoweza kuzuiwa huzuiwa fedha zikiwa bado hazijatolewa kwa wakala. Kwa wateja wangu muda ule ulikuwa umepita.

Niliamua kuwarudishia. Wapo walioniambia kwamba silazimiki, kwamba kila mtu alitakiwa kuwa mwangalifu, na pengine mbele ya mahakama wangekuwa na hoja. Mimi niliona kwamba walilipa kwa sababu ya jina langu na picha za mkeka wangu. Ilinichukua miezi mitano, kidogo kidogo, nikianza na mama wa Tabora kwa sababu harusi haikusubiri. Yeye bado ni mteja wangu, kila anapolipa hunipigia kwanza, ananisomea jina linalotokea, herufi kwa herufi, kisha ananiuliza, "Ndilo?" Nasubiri amalize, namjibu.

Mwanamke mmoja wa Singida, wa tisa katika orodha, hajapokea simu yangu tangu usiku ule. Nimempigia kwa namba tatu tofauti, nimemwandikia, na naelewa kwa nini hajibu. Shilingi zake 65,000 ziko kwenye bahasha ndani ya kaunta buku, kwenye ukurasa wenye jina lake.